Umetoka fomu siksi unaenda chuo? Pitia haya kabla testi ya kwanza haijakukuta

Testi yangu ya kwanza chuo nilipata 6 kwenye 20. Na hapo nilikua nimetoka advansi na wani ya saba (divisheni wani, pointi saba), HKL yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, nyumbani kuku alishachinjwa na mjomba alishaanza kuniita wakili japo nilichaguliwa ualimu. Wiki hiyohiyo mfukoni sikua na hata mia, ila geto kulikua na sabufa mpya inawaka taa za bluu. Marks na hela, nilikuja kuelewa baadae sana kwamba ule ulikua ugonjwa mmoja, vyote viwili chuo vinaanza kuliwa toka wiki ya kwanza kimyakimya na hamna mtu wa kukwambia, unakuja kustuka vimeisha. Kwaiyo wadogo zangu mliopiga pepa mwezi wa tano, wengine bado mpo JKT mnakimbizwa mchakamchaka, nawaandikia kwa mpangilio wa siku zinavyokuja, kuanzia makaratasi mpaka testi ya kwanza. Nimesoma Dar kwaiyo mifano mingi ni ya Dar, wa Dodoma, Morogoro na Mwanza mtageuza wenyewe.

Makaratasi. Hapa mi ntapita haraka ila nyie msipite haraka. Chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha fomu foo na namba yako ya NIDA, viweke mezani pamoja usome jina lako herufi kwa herufi. Kama huku ni Saidi na kule ni Said, shughulikia sasa ivi ukiwa nyumbani, nenda kwa wakili akwambie kama inatosha kiapo au mpaka hati ya kubadili jina, maana ukishafika chuo kwenye foleni ya usajili na watu mia tatu mbele yako ndo utajua herufi moja inaweza kukusimamishia mambo. Cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya mkopo lazima kihakikiwe RITA, wale wa vizazi na vifo, na kama umefiwa na mzazi cheti cha kifo nacho kihakikiwe, usiseme ntapeleka baadae, Bodi ya Mikopo wanaangalia karatasi hawaangalii huzuni. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja unatakiwa uthibitishe kimoja tu kwa ile namba ya siri (code) inayokuja kwa meseji, kwaiyo usije ukaombea chuo kwa laini ya rafiki uliyokutana nae kambini, mkiachana kila mtu na mkoa wake unaanza kumtafuta kama mganga. Fomu ya afya ijazwe kabla hujasafiri. Bima ya NHIF ya mwanafunzi ni 50,400 kwa mwaka, kama tayari una kadi hai ya familia nenda nayo uionyeshe, wengi wanalipa tena bure.

Kingine, piga picha kila karatasi ujitumie kwenye imeili yako. Begi huwa linaibiwa stendi.

Tuje kwenye hela sasa, hapa tukae kidogo. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 hela ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, kabla ya hapo ilikua 8,500. Haiji kila siku, inakuja kwa mafungu, ndo hilo bumu unalolisikia. Tuseme limeingia la siku 60, hiyo ni laki sita. Sasa mtu uliyekua bodingi unapewa elfu ishirini uishi nayo muhula mzima, unaamka asubuhi simu imelia una laki sita, akili inahama. Mimi ilihama. Nilienda Kariakoo na wenzangu wawili, nikarudi na sabufa, raba, na jinzi mbili, nikawanunulia chipsi kuku watu ambao mpaka leo majina yao siyakumbuki. Wiki ya tano nikawa nakula muhogo wa kuchoma mchana na usiku nalala mapema ili nisisikie njaa, ukilala mapema husomi, usiposoma unajua kinachofuata.

Fanya hivi. Kwanza kabisa ondoka nyumbani na hela ya wiki tatu au nne ambayo haihusiani na bumu, maana bumu la kwanza la fasti yia, yaani mwaka wa kwanza, lina mambo mengi, majina yatoke, usajili ukamilike, akaunti ikubali, usaini, na kila hatua ina mtu wake aliyetoka kwenda kunywa chai. Waambie wazazi ukweli huo mapema, wasikupe nauli tu wakidhani serikali inakusubiri getini na bahasha.

Pili, siku bumu limeingia, kabla hujamwambia mtu, toa kodi. Mfano mnashea chumba wawili kila mmoja elfu arobaini kwa mwezi, miezi miwili ni 80,000. Afu nenda sokoni, mchele, unga, maharage, mafuta, sabuni, gesi ya mtungi mdogo, tuseme 120,000. Umebakiwa na laki nne. Hapa ndo penye siri, usiigawe kwa siku 60, igawe kwa 75, kwasababu linalofuata likichelewa wiki mbili tumbo halichelewi. Laki nne kwa siku 75 ni kama 5,300 kwa siku, humo kuna nauli, mboga, bando, fotokopi na soda ya siku ya kufurahi. Sio nyingi ila ni hela ya mtu anayeishi. Ziache benki, jihamishie kwenye simu za wiki moja tu kila Jumapili jioni, zikiisha Alhamisi basi Ijumaa na Jumamosi ni ugali maharage na usimkope mtu. Na mikeka ya kubeti achana nayo, mi nimeona jamaa kaweka bumu zima kwenye timu za Ulaya ambazo hata kuzitamka hawezi.

Afu ukumbuke bumu ni deni. Ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi mpaka liishe, kwaiyo ile sabufa yangu kwa hesabu za kweli nililipia mpaka nikiwa kazini.

Malazi. Ukipata hosteli kaa hosteli, angalau mwaka wa kwanza, hata kama mnajaa, maana unaokoa muda na unakua karibu na habari. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walivyofunguliwa zile hosteli za Magufuli mwaka 2017, majengo ishirini ya kuchukua watu 3,840, watu walidhani shida imeisha ila wanafunzi ni wengi kuliko vitanda, kwaiyo ule utamaduni wa kubebana bado upo, yaani mwenye chumba anakulaza kitanda kimoja nae kinyemela. Kubebwa wiki moja mbili ukiwa unatafuta sehemu hamna ubaya kibinadamu, ila usiishi hivo muhula mzima, utakua unasomea nje, unavizia mlango, na mkikamatwa mnaponza wote wawili. Na usitume hela kwa mtu yeyote anayesema anauza nafasi ya hosteli kwenye simu. Nafasi inatoka kwenye mfumo wa chuo na control namba (namba ya malipo ya serikali), basi.

Ukienda kupanga geto, dalali atataka kodi ya mwezi mmoja yake na mwenye nyumba atataka miezi mitatu au sita, kwaiyo jumlisha kabla hujapenda chumba. Uliza maji yanatoka siku gani, LUKU mnachangia watu wangapi na nani mwenye friji. Afu kitu ambacho hakuna aliyeniambia, nenda ukaione njia mara mbili, saa moja asubuhi na saa tatu usiku. Kuna watu wanakimbia kodi ya Sinza au Changanyikeni wanaenda kupanga mbali huko Mbezi wanasema nimeokoa elfu ishirini, afu inaliwa yote na nauli. Ile nauli ya mwanafunzi uliyozoea na yunifomu yako sahau, chuo unalipa kama mtu mzima na ukionyesha kitambulisho konda anacheka.

Haya, darasani. Advansi ulikua na masomo makuu matatu kwa miaka miwili, mwalimu anarudia topiki mpaka mnachoka, prepo ipo, kengele ipo, mwalimu wa zamu yupo na fimbo. Chuo una kozi tano sita zinazoanza na kuisha ndani ya wiki kumi na tano ivi, lekchara anaingia anaongea masaa mawili kwa Kiingereza chake, darasa lina watu mia nne na wewe umekaa nyuma unamuona kidogo kama mtu wa kwenye tivii ya jirani, anatoka. Hajui jina lako. Ukiacha kwenda hatakuuliza. Fasti yia wengi wanatafsiri ukimya huo kama uhuru, wanasema huku raha bana, wiki ya kwanza na ya pili wanazitumia kuzurura na kupiga picha pale ukumbi wa Nkrumah. Wiki ya tano CR, kiongozi wa darasa, anaandika kwenye kundi: testi Jumamosi saa mbili asubuhi. Sasa hapo ndo mtu anaanza kuuliza hivi tulishasoma nini.

Siku ya kwanza ya kila kozi kuna karatasi inaitwa kozi autlaini. Wengine wanaifungia vitumbua. Wewe isome, na macho yaende kwenye sehemu ya mgawanyo wa marks. Kwa vyuo vingi kozi weki ni 40, yaani testi, asaimenti na semina, na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ni 60. A inaanzia 70, B plasi 60, B 50, C 40 (chuo chako kinaweza kua na yake, angalia prospektasi). Sasa fanya hesabu kama muuza duka. Mtu ameingia UE na kozi weki 30, akitaka A anatafuta 40 kwenye 60, inawezekana kabisa hata siku hiyo akiwa na mafua. Mtu ameingia na 17, akitaka A anatafuta 53 kwenye 60, hiyo hata aliyeandika kitabu anaweza asiipate. Yaani daraja lako la Februari unalipanga Novemba, ukiwa bado unauliza watu jengo la utawala liko wapi. Na GPA, yaani wastani wako wa ufaulu, ya mwaka wa kwanza inabebwa mpaka mwisho, apa sekondi (daraja la pili la juu) inaanzia 3.5 na first class 4.4, ukianza na 2.6 miaka miwili inayobaki unakua unafukua shimo badala ya kujenga.

Afu kuna hizi kozi ambazo watu wanazidharau, DS (development studies) na ile ya stadi za mawasiliano, wanasema hizi za kila mtu. Angalia krediti zake, yaani uzito wa kozi. GPA inapimwa kwa krediti, C ya DS inakuvuta chini kulingana na krediti zake kama C ya kozi unayoiogopa, haiulizi ulikua unaipenda au huipendi. Mimi A yangu ya kwanza ilitoka huko huko kwenye kudharauliwa.

Kuhusu madesa, yaani notsi za kupeana. Slaidi za lekchara sio somo, ni orodha ya vichwa vya somo. Mkimaliza lekcha, siku hiyohiyo usiku kaa dakika arobaini, fungua slaidi na ulichoandika, jaza katikati kwa maneno yako, hata Kiswahili changanya, ukikwama nenda laibrari na sura moja tu ya kitabu alichokitaja. Ukifanya hivo mara mbili kwa wiki kwa kila kozi testi inakukuta unarudia, wenzako wanaanza. Hii kupiga msuli wa kukesha siku mbili ilikufaa advansi sababu ulikua umeshafundishwa mara tatu, huku unakesha na kitu hujawahi kukiona. Pasti pepa nazo tafuta mapema, waulize wa mwaka wa pili kwa heshima, kaka samahani, dada samahani, wanatoa, hawana roho mbaya kama mnavyodhani.

Asaimenti za gruup ni balaa lake lenyewe. Mnapangwa kumi, wanaokuja watatu, anayeandika mmoja, na siku ya kukusanya wote kumi wanataka majina yawe juu. Usigombane, ila usikubali kua wewe mmoja kila siku, kikao cha kwanza gaweni maswali kwa majina na tarehe ya kutuma iandikwe kwenye kundi. Na uombe wewe ndo upeleke stesheneri kuprinti. Sababu? Namba za usajili. Rafiki yangu tarakimu moja ilikosewa kwenye karatasi ya mbele, mtu aliyechapa alikua na haraka, kwenye mfumo marks zake hazikuonekana, jamaa alizunguka ofisi mpaka muhula uliofuata akithibitisha kwamba yeye ni yeye. Soma namba yako kwa sauti kabla karatasi haijabanwa pini. Na kopi yako baki nayo.

Semina, au tutorio kama wengine wanavyoita, ndo sehemu utakayoongea Kiingereza mbele za watu ishirini thelathini na wengine wametoka shule za gharama wanabonga kama redio. Usitishike. Andika sentensi zako tatu za kwanza uzikariri neno kwa neno, ukishavuka hizo mapigo ya moyo yanashuka na zingine zinakuja zenyewe. Kosea grama ila ujue unachosema, marks ziko kwenye hoja. Kitu kingine kidogo ila kikubwa, lekchara usimwite ticha wala madamu kama sekondari. Ni Dokta, ni Profesa, angalia mlango wake umeandikwaje kabla hujagonga, hao watu wamesota kupata hilo neno. Na kugonga gonga kweli, wengi wanatangaza saa za kumuona na hakuna anayeenda. Mimi baada ya ile 6 nilienda na karatasi yangu, nikauliza swali la pili ningejibuje, akanionyesha kwamba nilieleza nilichojua badala ya nilichoulizwa, dakika saba tu, zimenisaidia mpaka namaliza.

Ila kama mlango ukifungwa na maongezi yakageuka, hasa dada zangu lakini hata makaka, mnielewe vizuri hapa. Mtu anayetaka mwili wako ili akupe marks, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, haijalishi ana cheo gani. Meseji usifute. Usiende peke yako sehemu anayokuitia, mwambie mtu mmoja unayemuamini siku hiyohiyo, nenda dawati la jinsia kama chuo chenu kinalo au kwa mlezi wa wanafunzi (dean), na TAKUKURU namba yao ni 113, haina gharama. Usiambiwe na rafiki kwamba ndo chuo kilivyo.

Ukiumwa au ukifiwa karibu na mitihani usipotee. Andika barua ya kuahirisha na ambatanisha ushahidi kabla UE haijaanza, maana anayepotea kimya anahesabiwa kama aliyekimbia, na sapu (mitihani ya kurudia) zikijaa au GPA ikishuka chini ya kiwango cha chuo chako unadisko, yaani unaondolewa chuo. Sapu yenyewe hata ukipata 90 vyuo vingi wanakuandikia C, kwaiyo ile falsafa ya ntaisapu tu sio falsafa.

Testi ya kwanza sasa. Siku moja kabla nenda ukaione venyu kwa macho, usitegemee ramani ya kwenye kundi, venyu zinabadilika usiku na kuna majengo yana namba za ajabu ajabu. Kitambulisho, kalamu mbili, saa ya mkononi kwasababu simu huingii nayo. Kula. Anza na swali unaloliweza na usome kile kitenzi cha mwanzo cha swali, kama wamesema jadili usiorodheshe.

Mimi testi ya pili nilipata 15, kozi weki ikawa 21, UE nikapigana nikapata 37, jumla 58, B, yaani pointi mbili tu nikaikosa B plasi, na hizo mbili najua kabisa zilikua kwenye ile testi ya kwanza. Sabufa niliiuza wiki ya nane kwa nusu ya bei, aliyenunua ni jamaa wa fasti yia wa jengo la pili, bumu lake lililochelewa lilikua limeingia asubuhi hiyo.